Kiatu Changu Kilichobaki Mfizigo

Tangu nishuke milimani sipiti sokoni kwa amani. Huyu ananiuliza kama ni kweli nililala kaburini ningali hai. Yule anataka kujua kiatu cha pili kiko wapi. Muuza kahawa naye amekwisha kutunga habari yake, eti Waluguru walinikimbiza kwa mapanga, na kila akiisimulia mapanga yanaongezeka. Basi nimeamua kuandika. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na mtu asiniulize tena. Kaburini nililala. Kiatu hakikuibwa. Na picha niliileta, tena nzuri kuliko picha yoyote iliyopata kutundikwa katika mji huu wa Morogoro. Nikijisifu msinilaumu, maana mmekwisha kuiona wenyewe.

Kwa asiyejua chanzo chake: katika ukumbi wa welfea, pale tunapochezea bao na kusoma magazeti, ilikuwapo picha kubwa ya mto wa Ulaya. Maji yametulia, kuna daraja la mawe na mabata meupe. Mimi ni mpiga picha, kibanda changu kiko nyuma ya soko, na picha ile ilikuwa ikiniudhi kila nikiitazama. Sisi tunakunywa maji ya Uluguru, tunaamka tukiisikia mito ikiteremka, halafu tunakaa kustaajabia mabata ya watu! Nikamwambia Bwana Selemani, katibu wa ukumbi, kwamba nitaleta mito yetu wenyewe: mitatu, kila mmoja mara mbili, kiangazi na masika, nimesimama mahali palepale.

Bwana Selemani alicheka mpaka akavua miwani.

"Haya. Ukileta zote sita, picha hii nitaishusha kwa mkono wangu. Ikipungua hata moja, mabata yanabaki."

Seremala akanitengenezea fremu ndefu yenye vyumba sita. Kiangazi nilikwenda, nikajaza vyumba vitatu. Vitatu vikabaki wazi kama mapengo, na kila aliyeingia kucheza bao alinichekea pengo langu. Nikawa naingoja mvua kuliko mkulima.

Bigwa, na mbuzi asiyealikwa

Niliondoka asubuhi, mvua imepumzika kidogo. Nilikuwa na kamera yangu ya kisanduku na mkanda mmoja tu wa picha nane, kwa kuwa dukani walikuwa hawana mwingine wa saizi ile. Nakala za picha zangu za kiangazi nilizifunga ndani ya kipande cha mpira, ili nikifika niziangalie nijue pa kusimama. Halafu nilikuwa na viatu. Vya askari, ngozi nene, nilivinunua Ngerengere kwa mtu aliyekuwa anaacha jeshi. Nilipovivaa nilijiona mwenye nchi.

Kiangazi kijito cha Bigwa ni cha kuruka. Watoto wanakiruka na ndoo kichwani na hawamwagi. Masika hakirukwi. Nilikikuta kimevaa rangi ya chai ya maziwa, kinasukuma migomba mizima na kupiga kelele hata jirani anaposemeshwa hasikii. Nikatafuta mahali pangu, nikapapata, nikainama juu ya kamera. Jua likatoka. Nilipobonyeza tu, mbuzi akaingia. Sijui alitoka wapi. Alikuja akasimama mbele ya kamera, akanitazama kama mteja aliyelipa.

Mwenye mbuzi, mama mmoja aliyekuwa akimenya mihogo kizingitini, alifurahi sana. Akaniuliza picha ya mbuzi wake itakuwa tayari lini. Nilipomwambia kwamba nilikuwa napiga picha maji, akanionea huruma, akanipa muhogo. Nikaula huku nimenuna, nikingoja wingu lipite. Mara ya pili mto ukaingia peke yake, na nikajua nimeupata. Vyumba viwili vikabaki.

Kiroka, kwa Bwana Ramji

Mvua ilinikamata kabla ya Kiroka, na haikuwa mvua ya kusemezana nayo. Nikakimbilia dukani kwa Bwana Ramji, Mhindi mmoja mnene mwenye sauti ya upole, aliyekuwa amekaa nyuma ya mizani yake mpya akiisugua. Hakuniuliza nataka kununua nini. Alitazama maji yanavyonichuruzika, akaita ndani kwa lugha yao, na mkewe akaja na chapati, dengu na chai yenye tangawizi. Nimekula kwa watu wengi, lakini dengu ile bado naikumbuka.

Mvua haikukoma siku ile. Nililala juu ya magunia ya mchele wa Turiani. Asubuhi Bwana Ramji akaitazama kamera yangu, kisha akaitazama mizani yake, kisha akanitazama mimi. Nikaelewa. Mtu amekulaza, amekulisha, utamwambia mkanda wako ni wa mito tu? Nikampiga picha na mizani.

"Alifumba macho," mkewe akasema.

"Sikufumba."

"Umefumba. Ndugu zako wakiiona watasema umekufa ukipima sukari."

Tukarudia. Alipokuwa akinifungia sukari niliyomwomba, alikataa kuipima kwenye ile mizani. Alichota kwa mkono, akaongeza, akaongeza tena.

Sukari hiyo haikuwa yangu, na nitawaeleza ilikuwa ya nani.

Matombo, nilipogeuzwa bwana shamba

Kutoka Kiroka njia inapanda na kushuka, na kila bonde lina maji yake. Sikupata kuona kijani kama kile. Ukungu ulikuwa unakaa juu ya mashamba, kisha unanyanyuka, na vijito ambavyo kiangazi havikuwapo vinang'aa mlimani kote. Nilitembea nikiimba, na viatu vyangu vikinyonya matope.

Chini ya Matombo, karibu na kivuko cha Ruvu, nilikutana na akina mama waliotoka kuuza mboga, na vikapu mgongoni. Niliwasalimu. Hawakuitikia vizuri. Nikaomba maji ya kunywa, wakasema hawana, na mto umejaa nyuma yao! Nikachutama kupima kwa macho upana wa maji, nikatembea hatua kadhaa, nikarudi, nikainama. Mmoja wao, mama mfupi mwenye rozari shingoni, akashindwa kuvumilia.

"Matuta tumekwisha kulima! Nenda kawaandikie hivyo waliokutuma!"

Kumbe viatu vyangu! Mtu mwenye viatu vya namna ile, anayepimapima ardhi na kuchungulia ndani ya kisanduku, kwao ni bwana shamba aliyekuja kuhesabu matuta, na siku hizi, kwa ajili ya matuta ya lazima, bwana shamba hapendwi. Niliapa, hawakusadiki. Mwisho nikafungua kile kipande cha mpira, nikawaonyesha picha zangu za kiangazi.

Wakazikusanyikia. Wakaitambua Bigwa, wakaitambua Ruvu yao. Walipofika kwenye ile ya tatu, yule mama wa rozari akapiga makofi.

"Huyu si Bibi Monika wa Mfizigo? Tazameni alivyokaza uso!"

Ndiye. Na hapa niwaeleze. Kiangazi nilipopanda hadi Mfizigo, mto wangu wa tatu, nilipata mahali pazuri katikati ya mto, palipokuwa pakavu, juu ya jabali pana. Mbele yangu kulikuwa na jiwe moja jeusi, na juu yake bibi kizee anasugua chungu. Nilimwomba kwa adabu asogee nipige picha mto. Akaniambia jiwe lile ni lake tangu hajaolewa, nisogeze mimi kisanduku changu. Akaniuliza kabila. Nilipojibu Mnyamwezi, akacheka akaninyunyizia maji ya chungu, akasema, "Mtani! Leo umenikuta na mto umelala. Rudi masika uje na sukari, nami nitakuonyesha mto." Basi nikampiga picha na chungu chake, na yeye akaniambia nimeshika kamera kama mtu aliyeshika kuku wa wizi.

Akina mama waliposikia hayo, kila kitu kiligeuka. Maji yakaja, ndizi mbivu zikaja, magimbi ya kuchemsha yakatoka ndani ya majani. Lakini kuthibitisha kwamba kweli mimi si bwana shamba, ilibidi niwapige picha wote na vikapu vyao. Tukapiga. Ndipo mmoja akakumbuka kwamba mama mkwe wake amebaki nyuma. Tukamngoja. Akafika, tukapiga tena. Jioni ilipokaribia na jua likalala juu ya maji mekundu, nikaipata Ruvu. Nikageuza kitufe cha mkanda, nikachungulia kidirisha cha nyuma. Ilikuwa imebaki picha moja.

Sikuogopa. Pengo moja, picha moja. Nilijiambia kwamba fundi hahitaji mbili.

Mfizigo

Nilifika siku ya pili yake, saa za mchana, mvua nyepesi ikinyesha. Mto niliusikia kabla sijauona. Halafu nikasikia kitu kingine, sauti za wanawake wanalia.

Kijiji kizima kilikuwa uani kwa mtu mmoja. Nilimuuliza wa kwanza niliyemkuta nani amefariki.

"Bibi Monika. Usiku wa kuamkia leo."

Nilisimama pale na sukari yake mkononi. Sikuwa ndugu yake, nilimwona siku moja tu, lakini niliumia, tena sana. Nikafanya kama tunavyofanya mjini. Nikavua kofia, nikaingia kimya na kichwa chini, nikampa shikamoo mzee aliyekuwa ameketi mlangoni. Huyu alikuwa Mzee Bonifasi, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo. Nikampa pole, nikatoa sukari kwa mikono miwili kama rambirambi, kisha nikaenda kukaa nyuma ya wanaume. Machozi yalinitoka, sikuyafuta.

Nikaona watu wananong'ona. Sukari ikapita mkono kwa mkono mpaka ikawekwa miguuni pangu. Nikadhani hawakunielewa, nikainuka kuipeleka tena. Mzee Bonifasi akaja mwenyewe.

"Wewe ni yule Mnyamwezi wa kisanduku?"

"Ndimi, mzee."

"Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, mzee. Nimesikitika tu."

"Umesikitika!" Aligeukia watu, kisha akanirudia kwa hasira. "Waliaji tunao. Uani kumejaa waliaji. Dada yangu kaburi lake limechimbwa tangu asubuhi, mtani wake amefika, na mtani amekaa nyuma analia kama mkwe! Tena anatoa vitu! Mtani haleti, mtani anachukua. Au dada yangu hakufai?"

Niwaambie ukweli, mimi utani nilidhani naujua. Baba yangu alikuja na reli kutoka Tabora, mimi nikazaliwa hapa hapa, na utani wangu wote ni wa barazani: nawaita Waluguru nyani wa mlimani, wananiita mpagazi, tunakunywa kahawa. Kwamba utani una kazi, na kwamba kazi yenyewe iko makaburini, hakuna aliyepata kuniambia. Kule juu mtu akizikwa bila mtani kumfanyia mzaha, ni kama amezikwa bila mtu kukiri kwamba alikuwa mtu.

"Alisema utakuja," mzee akaongeza, sasa kwa sauti ndogo. "Alisema, mvua ikikolea yuko Mnyamwezi wangu anakuja."

Nilivaa kofia yangu, nikaikaza. Nikachukua kamera, nikatembea mpaka kaburini mbele ya watu wote, nikaingia ndani na viatu vyangu, nikalala chali.

Ndiyo. Udongo ulikuwa mwekundu na baridi. Kamera niliikumbatia kifuani.

"Mzikeni kwingine!" nikapaza sauti. "Kitanda hiki nimekipata mimi! Kiangazi bibi huyu alinimwagia maji ya chungu, leo ni zamu yangu. Simpishi!"

Nikasikia mtu mmoja anacheka, kisha mwanamke anacheka na kulia pamoja. Katekista, aliyekuwa amesimama ukingoni na kitabu cha sala chini ya mwavuli, akafumba kitabu taratibu.

"Mtani," akasema, "nakuomba ufupishe. Mvua inakuja."

"Kaburi lenyewe limepinda! Nyinyi mmezoea kulima mlimani mpaka mguu mmoja umekuwa mfupi, hata shimo mnachimba la mteremko! Bibi wa watu atabiringika mpaka Ruvu!"

Sasa walicheka wote. Uso wa Mzee Bonifasi ukatokea juu yangu, na nilifurahi kuuona, maana hasira yote ilikuwa imemtoka.

"Mpagazi wewe! Unataka nini utoke? Kuku?"

"Kuku wenu nao wanachechemea. Sitaki."

"Mbuzi?"

"Mbuzi wamekwisha kunitia hasara. Nataka mto. Dada yako aliniahidi mto wa masika, na jabali langu liko katikati ya maji. Nifikisheni pale nipige picha yangu, au nizikeni humu."

"Kubali, mjomba," sauti ya kike ikasema. Ilikuwa ya Agata, binti wa marehemu. "Mama ana deni."

Tulimzika Bibi Monika vizuri, kwa sala na kwa kicheko, na udongo wa kwanza niliutupa mimi. Kisha ukoo mzima ukashuka mtoni kunilipa.

Mfizigo sikuutambua. Jiwe la Bibi Monika halikuonekana, lilikuwa chini, na mahali pake maji yaliinuka yakapinda kama mgongo wa ng'ombe, yakavunjika meupe. Miti ya kandoni imeinama, majani yanachuruzika. Nikamwonyesha Mzee Bonifasi picha ya kiangazi ili tupate jabali langu. Aliishika akasahau mto. Dada yake hakupata kupigwa picha nyingine maishani.

"Hiyo ni yenu," nikamwambia. "Mjini ninayo nyingine."

Akampa Agata, naye akaifunga katika khanga yake. Kisha wakanifunga mimi kiunoni kwa kamba ya katani. Wanaume wakaishika, wakajipanga tangu ukingoni mpaka ndani ya maji, Mzee Bonifasi wa mbele kabisa, ingawa vijana walimkatalia. Nikaingia. Maji yalinifika kifuani, yakanisukuma kama watu wanaogombea mlango. Nilinyanyua kamera juu ya kichwa, nikalitafuta jabali kwa miguu, nikalipata. Juu yake maji yalinifika kiunoni. Nikasimama pale nikitetemeka, nikangoja.

Wingu lilipasuka. Sijui kwa muda gani, lakini lilipasuka, na mto wote ukawaka kuanzia juu mlimani mpaka kwangu. Nikainamia kamera, nikazuia pumzi, nikabonyeza.

Hapo hapo mguu ukateleza. Kamba ikanikaza, wakanivuta, nikatoka nimeinua kamera kama msalaba wa maandamano. Nilipokanyaga nchi kavu nikaona mguu mmoja ni mtupu. Kiatu cha Ngerengere kilikuwa kinaelekea baharini.

"Monika amechukua haki yake," akasema Mzee Bonifasi, na akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni tulikunywa uji na togwa, na ile sukari ikapokelewa, kwa kuwa sasa haikuwa rambirambi, ilikuwa sukari ya mgeni. Nilishuka mpaka Morogoro nikichechemea, kiatu kimoja mguuni, na yeyote niliyekutana naye njiani hakudhani tena kwamba mimi ni bwana shamba.

Ukumbini

Picha niliisafisha mwenyewe kibandani. Ilipotokea katika dawa nilipiga kelele, jirani akaja kugonga mlango. Mto ulikuwa wote mle, na nuru yake. Kitu kimoja tu: pembeni, chini, palikuwa na mkono wa mtu umekamata kamba. Bwana Selemani alinishauri niukate. Nilikataa. Mto ule haukupigwa picha na mtu mmoja.

Akaishusha ile ya Ulaya kwa mkono wake, kama alivyoahidi. Mabata sasa yako nyuma ya kabati. Fremu yangu ikapanda, na chini yake niliandika majina ya mito, kisha jina langu kwa wino mweusi, tena kubwa. Mmeona watu walivyojaa siku ile.

Hamkuwapo siku iliyofuata, alipokuja Mzee Bonifasi na Agata na watu wao, na vikapu vya mboga mgongoni. Agata alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya kiangazi, kisha akahamisha kidole kwenye ile ya masika, akakiweka pale maji yanapoinuka yakapinda. "Yuko hapa," akasema. Mzee Bonifasi alisoma maandishi polepole. Kisha akaweka kikapu chini, akalala chali sakafuni, katikati ya ukumbi wa welfea.

"Mtu ameanguka!" Bwana Selemani akapiga ukelele. "Leteni maji!"

Wachezaji wa bao wakainuka. Mimi peke yangu sikushtuka.

"Sitoki," akasema Mzee Bonifasi akiwa ametazama dari, "mpaka nilipwe."

"Unataka nini, mtani? Kuku?"

"Kuku wenu wa mjini wanakula karatasi. Nataka jina. La kwako naliona, limenenepa. La mto naliona. Dada yangu amekaa humo ndani kama mpita njia."

Nikaileta kalamu. Sikupata nafasi chini ya fremu, jina langu lilikuwa limeimaliza. Nikalikwangua kwa kisu mbele ya watu, na mahali pake nikaandika: Mto wa Bibi Monika, kiangazi na masika. Langu nikaliweka mwishoni, dogo.

Mzee Bonifasi, angali chali, aliomba asomewe mara mbili. Kisha akaninyooshea mkono nimwinue, mkono uleule ulioko pichani, nami nikaushika.